Maji atachota nani? Masomo ya nje ya darasa na watoto wetu



Katika mkutano wetu mmoja, wakati wa kuhesabu pesa za likelemba, mama mmoja alitugeukia sisi walimu akauliza mbele ya wote: «Mwalimu, binti yangu hutoka masomoni saa saba, lakini Jumatano anarudi saa kumi. Mnasema ni shughuli za masomo. Mimi nalipa minervali ili asome. Maji atachota nani?» Wengine walicheka. Yeye hakucheka, na sisi hatukuwa na jibu la haraka.

Tulirudi nyumbani na swali hilo. Sisi tuliosomea ualimu kwenye ISP tulifundishwa kutayarisha somo la darasani, dakika kwa dakika. Hatukufundishwa sana namna ya kumweleza mzazi kwa nini mtoto abaki baada ya kengele, bila daftari, ameshika jembe au akifundisha wadogo kusoma. Leo tujaribu kumjibu mama huyu. Tutapita mbali kidogo, Moshi, nchi ya Tanzania, kwenye shule ya sekondari ya kimataifa, halafu tutarudi hapa Nyantende.

Shule ya chini ya Kilimanjaro

Shule hiyo ilianza mwaka wa 1969. Ilianzishwa kwa ajili ya watoto wa waganga na wafanyakazi wa hospitali kubwa ya KCMC ya Moshi waliotoka nchi za nje, waliohitaji mahali pa kusomea. Baadaye ilikua, ikafungua tawi la pili Arusha, na mwaka wa 2019 ikaingia katika jamii ya shule zinazoitwa UWC. Leo inaitwa UWC East Africa.

Jamii hiyo ya shule ilianza huko Wales mwaka wa 1962. Wazo lilitoka kwa mwalimu Mjerumani, Kurt Hahn. Mwaka wa 1933 utawala wa Hitler ulimfunga, kisha akakimbilia Uingereza. Baada ya vita kuu aliona kwamba vijana wa nchi zilizouana wanapaswa kusoma pamoja, kula pamoja na kufanya kazi pamoja kabla hawajawa wakubwa wa kuamriana vita. Sisi wa Kivu hatuhitaji kuelezwa sana jambo hilo. Hapa Afrika kuna shule nyingine ya jamii hiyo, Waterford Kamhlaba, nchini Eswatini. Ilifunguliwa mwaka wa 1963 kwa watoto wa rangi zote, wakati Afrika Kusini, jirani yake, ilikuwa inawatenganisha watoto kwa sheria.

Sasa, mwanafunzi wa Moshi anaishije? Wengi wanalala bwenini na wenzao wa mataifa mengine. Katika miaka miwili ya mwisho wanasomea diploma ya kimataifa inayoitwa IB. Wanachukua masomo sita, na alama za juu kabisa ni 45. Lakini kando ya masomo hayo kuna jambo linaloitwa CAS, yaani ubunifu, mazoezi ya mwili na huduma kwa watu. Mwanafunzi analifanya kwa muda wa miezi 18 hivi. Ataimba au atachora. Atacheza mpira au atapanda mlima. Atafundisha watoto wadogo, atapanda miti, atasaidia kazi ya jirani. Tena anapaswa kushika mradi mmoja na wenzake kwa mwezi mzima au zaidi.

Wamama, sikieni hapa. CAS haina alama hata moja. Haiongezi kitu kwenye zile 45. Lakini asiyeitimiza hapewi diploma, hata kama amefaulu hesabu na fizikia. Kwenye buletini zetu kuna mstari wa konduite na mstari wa aplikasyo, na sisi walimu huandika neno moja pale haraka haraka tukiwa tumechoka. Wenzetu wamelifanya jambo hilo kuwa mlango: usipopita, hutoki.

Hatusemi hivi ili tuwaonee wivu. Minervali ya shule kama hiyo hatuiwezi. Mjue tu kwamba UWC ina kamati katika nchi zaidi ya 150, zinazochagua vijana, na wapo wanaosaidiwa malipo kwa kadiri ya hali ya wazazi wao. Lakini watoto wetu karibu wote watafanyia mtihani wa Leta hapa hapa. Kwa hiyo tuangalie kile tunachoweza kuchukua bila franka.

Si salongo

Baadhi yenu mtasema: «Jambo hili tunalijua, ni salongo.» Wazazi wetu wanaikumbuka salongo ya wakati wa Zaire. Ilikuwa kazi ya lazima, na kazi ya lazima bila maelezo hufanya mikono isogee, roho ibaki nyumbani. Tanzania nayo, mwaka wa 1967, Mwalimu Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, akataka kila shule iwe na shamba au karakana, ili mtoto asome na kuzalisha, asijione bwana mbele ya wazazi wake wakulima. Wazo lilikuwa zuri. Lakini popote pale ambapo mtoto analimishwa tu bila kuelezwa sababu, anajifunza kuchukia jembe.

Tofauti ya CAS iko katika mambo mawili. La kwanza: kabla ya kazi, mwanafunzi anachunguza na kuuliza. Shida ni ipi? Ni ya nani? Mwenyewe anataka nini? La pili: baada ya kazi anakaa na kuwaza, kisha anaeleza alichojifunza, kwa kuandika au kwa njia nyingine. Kuuliza kwanza na kuwaza baadaye, hayo hayauzwi.

Na hapa tuungame kosa letu. Msimu mmoja wa mvua tulitoka na wanafunzi wa humanite kuchimba mfereji kando ya njia ya kwenda sokoni. Tulichimba mchana mmoja, tukaimba, tukapiga picha. Mvua kubwa ya kwanza iliponyesha, maji yalifuata mfereji wetu yakaingia moja kwa moja katika maharagi ya mama mmoja. Siku ile tukichimba alikuwa amesimama pale anatuangalia. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kitu. Tulipokwenda kuomba msamaha alisema: «Ningewaonyesha maji hupita wapi. Nalima hapa tangu niolewe.» Tulirudi kuchimba upya, yeye akionyesha kwa fimbo na wanafunzi wakifuata. Siku hiyo walifahamu mteremko na mmomonyoko wa udongo kuliko masaa yetu yote ya jiografia. Aliyekuwa mwalimu ni yule mama, na sisi tulikuwa tumempita bila kumwamkia.

Tangu siku ile tunaamini kwamba shughuli za masomo zikifanywa vizuri zinawahusu ninyi kwanza. Mnajua mbegu gani inavumilia, chemchemi gani haikauki, mtoto gani jirani hajui kusoma na anaona haya. Mtoto anayekuja kuwauliza haya kwa heshima anasoma. Na anayewasaidia kuandika daftari la likelemba bila kukosea hesabu anasoma, na ninyi mnapata faida.

Turudi kwenye maji

Lakini swali la mama lilikuwa juu ya maji, tusilikimbie. Kule bwenini mwanafunzi akimaliza darasa, mchana wake ni wake. Kwetu mchana una mwenyewe tayari: bidoni, kuni, mtoto mgongoni, moto wa bugali. Na mara nyingi mwenyewe wa kazi hizo ni binti. Tulipofungua orodha yetu ya Jumatano tuliona wavulana ni wengi kuliko wasichana, ingawa darasani wanakaribia kulingana. Hatukuwafukuza wasichana. Bidoni ndiyo iliyowaita.

Basi tunapochagua shughuli bila kuwaza jambo hilo, tunawapa wavulana mafunzo ya kuongoza, kusema mbele ya watu na kupanga kazi, na wasichana tunawarudishia mzigo. Kesho tutashangaa kwa nini binti hafungui kinywa katika mkutano. Samaki mkunje angali mbichi, lakini tunawakunja upande mmoja tu.

Wengine watatuambia: «Kuchota maji si huduma pia? Mhesabieni.» Hapana. Kuchota maji ni wajibu wa nyumba, na wajibu wa nyumba ni wa watoto wote wa nyumba. Tukiuita huduma, tutakuwa tumempa binti sifa ya jina tu na kumwacha na bidoni yake.

Kwa hiyo tunaleta mbele yenu mambo matatu, myakubali au myasahihishe:

Kwanza, shughuli ziwe mchana mmoja tu kwa juma, Jumatano, kuanzia saa nane hadi saa kumi kamili, na mwalimu atakayepitisha saa aulizwe.

Pili, kila muhula ninyi wamama mtutajie kazi moja mnayoiona ina maana, na mmoja wenu awe pamoja na wanafunzi tangu siku ya kuuliza hadi siku ya kumaliza. Mwisho kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja: nilifanya nini, nilikosea wapi, nani alinifundisha.

Tatu, Jumatano maji ya nyumbani yachotwe na yule ambaye si zamu yake ya shughuli, awe mvulana au msichana. Hili sisi walimu hatuwezi kuliamuru. Linaamuliwa jikoni kwenu, na baba akisikia.

Yule mama bado hajatujibu. Jumatano iliyopita binti yake alikuja. Walikuwa wanapanga namna ya kuwasomea hadithi watoto wa darasa la kwanza, na yeye ndiye aliyechaguliwa kuanza. Saa tisa alisimama, akachukua kitambaa chake, akasema anakwenda mtoni kwanza. Tulipotoka naye hadi uwanjani tulimwona kaka yake, wa darasa la nane, akicheza mpira na wenzake. Hakuna aliyemwita. Na sisi pia hatukumwita.

Mkutano ujao tutaanza hapo.