Vikasha vya Viungo Vilivyotia Fora

Jumamosi usiku, nyota zikishaonekana, Wayahudi huiaga Sabato kwa Havdala: kikombe cha divai, mshumaa wa tambi zilizosukwa pamoja, na viungo vya kunusa, ili kuiliwaza roho inayosikitika siku takatifu inapoondoka. Baraka ya viungo ni ya kale, imo katika Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi wa mnamo mwaka 200. Lakini sheria hudai harufu tu, chombo hakikuamriwa. Nadhani ndiyo maana mafundi walijiachia hapa kuliko kwenye vyombo vingine vyote vya ibada hiyo.

Miongoni mwa vilivyotajwa mapema zaidi ni chombo cha kioo cha Rabi Ephraim wa Regensburg, Ujerumani, karne ya 12. Wengine walinusa tawi la mhadasi, basi.

Kwa ukongwe, mnara wa fedha wa Frankfurt, yaani kikasha chenye umbo la mnara, uliopo Jewish Museum, New York, una wapinzani wachache. Ulifuliwa mnamo 1550, ukatengenezwa upya na kuongezewa sehemu mwaka 1651. Hilo la pili ndilo linalonigusa: baada ya miaka mia, wenyewe hawakuuyeyusha wapate fedha, waliupeleka kwa fundi.

Umbo lililoenea kuliko yote Ulaya ni huo huo mnara, wenye vidirisha vya kupitisha harufu, bendera kileleni, pengine na vikengele. Vyama vya masonara wa Ujerumani viliwafungia Wayahudi mlango, hivyo waliofua minara hiyo ya awali walikuwa Wakristo, wakaiga minara waliyoiona mijini mwao. Baadaye yakaja maumbo ya matunda, maua, vinu vya upepo, na kwangu mimi mshindi wa ufundi: samaki wa fedha ambaye mwili wake hunyumbulika pingili kwa pingili.

Kwa urahisi, ushindi ni wa Wayahudi wa Mashariki ya Kati, ambao wengi wao hunusa majani mabichi au hunyunyiziwa maji ya waridi kwa mrashi, kama ule wa harusi zetu za Pwani.

Na ndani ya kikasha? Mara nyingi ni karafuu, pengine na mdalasini. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Unguja na Pemba ndizo zilizoongoza duniani kwa karafuu. Kwa hiyo, msomaji wa Visiwani, ukikikuta kikasha cha namna hii katika jumba la makumbusho, usikipite.