Maumivu ya Mmoja, Uhai wa Wengi

Je, kumkata pembe ng'ombe wa Ankole ni ukatili? Mada hiyo inafaa mdahalo wa wanafunzi wa sekondari Bugene, wilayani Karagwe, ambako ng'ombe huyo si mgeni. Jibu linaanzia kwenye baiolojia. Pembe si kama ncha ya ukucha: ndani ya gamba lake gumu kuna mfupa hai wenye mishipa ya damu na ya fahamu. Kuikata bila ganzi ni kumtia mnyama maumivu makali. Tangu mwaka 2008 Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, inayolenga kuzuia mateso ya namna hiyo.

Sasa tuligeuze swali. Mfugaji akimpandisha ng'ombe wake kwa dume la Friesian ili apate maziwa mengi, ndama hateswi. Lakini wafugaji wote wakifanya hivyo, Ankole halisi atatoweka pamoja na ustahimilivu wake wa kiangazi. Ustawi humtazama mnyama mmoja. Uhifadhi hutazama aina nzima.

Katika kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria, mizani ililalia upande mwingine. Kati ya 1966 na 1969, sokwe 17 waliofungiwa Ulaya waliachiwa humo bila kufundishwa kujitegemea. Baadhi walishambulia watu, na madume wawili wakapigwa risasi. Leo vizazi vyao vinaishi msituni vikijitafutia chakula. Wapo waliofaidika, na wapo waliolipa gharama.

Yapo mambo yasiyo na ubishi. Katika Hifadhi za Taifa za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa, zilizopandishwa hadhi mwaka 2019, mtego wa waya ni adui wa ustawi na wa uhifadhi pia: humtesa anayenaswa, wala haubagui jike mwenye mimba.

Ugumu huja tembo anapoingia shambani. Kwa siku anaweza kula kilo 150, na kifuta jasho cha serikali ni mkono wa pole, si fidia kamili. Kwa hiyo mdahalo uwe na maswali matatu: mnyama huyu anaumia? Aina yake itabaki? Hasara anaibeba nani? Swali la tatu aulizwe kwanza mwenye migomba iliyoliwa.