Kutoka Nalufenya Hadi Kwenye Banda la Mbuzi

Mambo yote yalianzia kwenye picha. Binti wa miaka tisa, wa familia moja iishiyo Nalufenya mjini Jinja, alirudi kutoka shule na kitabu alichoazima, na ndani yake mlikuwa na mnyama mwenye shingo ndefu, macho makubwa na manyoya mengi kama pamba iliyofumuka kutoka godoroni. Chini ya picha paliandikwa: alpaka. Kwa juma zima nyumba ile haikuwa na mazungumzo mengine. Alpaka hula nini? Hupiga mateke? Na lile swali lililomshinda baba kulijibu: "Baba, tutakwenda kumwona lini?"

Kwao alpaka ni mbali. Ni mnyama wa milima ya Andes, huko Peru na Bolivia, afugwaye katika nyanda za juu zipatazo meta 3,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na watu wa huko wamekuwa naye kwa maelfu ya miaka. Ni ndugu wa ngamia, ingawa hana nundu. Hukatwa manyoya mara moja kwa mwaka, na jike hubeba mimba miezi kumi na moja na zaidi kwa ajili ya mtoto mmoja tu. Katika nchi za Ulaya na Marekani wako wafugaji ambao siku za mapumziko hufungua milango ya mashamba yao, na wazazi hulipa ili watoto wao wapate kutembea na alpaka aliyefungwa kamba. Mtoto wa Nalufenya atayaona hayo kitabuni. Ndugu wa alpaka aliye karibu naye ni ngamia wa Wapokot na Wakaramoja, kule Amudat na Moroto, na hata huko si mwendo wa kwenda na kurudi kwa siku moja na watoto watatu.

Mama ndiye aliyekata shauri. Kama ni mnyama wa kumtazama machoni na kumlisha kwa mkono, alisema, basi twendeni Mbale tukawaone mbuzi wa maziwa. Binti alinuna. Mbuzi! Mbuzi wamejaa kila uchochoro wa Jinja, wakila maganda ya ndizi. Lakini mama alikuwa na haja yake, ambayo hakuwa ameitangaza. Yeye ni mshonaji, cherehani yake iko barazani, na mume wake ni karani. Mimba ya mtoto wa nne ilikuwa imefikia mwezi wa tano. Maziwa ya kununua yalikuwa yakimeza fedha kila asubuhi, na nyuma ya jiko palikuwa na kiwanja kidogo chenye mpera mmoja, ambacho hakikuwa na kazi. Fedha zilizowekwa kwa ajili ya likizo zingetosha nauli, na zilizobaki zingeweza kuwa mwanzo wa bei ya mbuzi. Kwa hiyo safari ilikuwa moja, haja zilikuwa mbili.

Waliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mama alikuwa amefunga viazi vitamu, mayai ya kuchemsha, chupa tatu za maji na kipande cha sabuni ya kufulia. Sabuni ilimchekesha baba. "Tunakwenda matembezi au tunakwenda kufua?" aliuliza, na mama hakujibu.

Kutoka Jinja hadi Mbale ni kiasi cha kilomita 150 kwa njia ya Iganga na Tirinyi. Kwanza ni miwa ya Kakira, pande zote mbili za barabara, mpaka mtoto achoke kuitazama. Baada ya Iganga nchi hutambarajika, na gari huingia katika kinamasi cha mto Mpologoma, penye mashamba ya mpunga na ndege weupe wasimamao kwa mguu mmoja. Jina hilo maana yake ni simba, na mtoto wa kiume wa miaka sita alibandika uso kwenye kioo tangu mwanzo wa kinamasi hadi mwisho wake. Hakuna simba aliyetokea. Kisha Mlima Elgon ukaanza kuonekana, na mbele yake ule ukuta wa mawe wa Wanale usimamao juu ya mji wa Mbale kama mlinzi wa zamu, na maporomoko membamba ya maji yakining'inia juu yake kama nyuzi.

Shamba lenyewe liko mteremkoni, na halifiki ekari mbili. Mwenyewe ni mama wa makamo, mjane, aliyewapokea kwa neno la kwao, "Mulembe," yaani amani. Binti alipiga magoti kumsalimu kama afanyavyo mtoto wa Busoga aliyefunzwa, na tangu hapo hakuitwa ila mjukuu. Kahawa na migomba vimepandwa pamoja, na baada ya kila hatua kadhaa kuna mstari wa matete uliokingama mteremko. Mistari hiyo si pambo. Katika nchi ya Elgon ardhi imegawanywa kwa warithi mpaka imekuwa vipande vipande, na udongo ukilegea kwa mvua huua watu. Tarehe 1 Machi 2010 mlima uliporomoka Bududa ukakifukia kijiji cha Nametsi, na watu wa huko hawajasahau. Mizizi ya matete hushika udongo, na majani yake hukatwa yakapelekwa bandani. Mbuzi mwenyewe hatoki kamwe.

Banda liliwashangaza watoto kuliko mbuzi. Limeinuliwa juu ya nguzo, hata mtoto mdogo anaweza kupita chini yake, na sakafu yake ni ya fito zilizoachiwa nafasi ili kinyesi kianguke. Kwa hiyo mbuzi halali katika uchafu, na kinyesi huzolewa kikatiwa kahawa. Mbuzi walikuwa watano: wawili weupe wenye damu ya Saanen, na watatu wa rangi ya kahawia wenye michirizi myeupe usoni, damu ya Toggenburg. Mbegu zote mbili asili yake ni mabonde ya Uswisi. Hapa kwetu huchanganywa na mbuzi wa kienyeji ili maziwa yaongezeke bila ya kupoteza ule ugumu wa mbuzi wa nyumbani, na wafugaji wa Meru, nchini Kenya, walijipatia sifa kwa Toggenburg tangu miaka ya 1990.

Mtoto wa kiume alipewa konzi ya matete. Mbuzi akala kwa adabu mpaka unyasi mmoja ukaanguka sakafuni. Mtoto akauokota akampa tena. Mbuzi akaunusa, akageuza uso. Alijaribu mara tatu, na mara tatu alikataliwa. "Huyo hali kilichoanguka," mwenye shamba alisema akicheka. "Ndiyo sababu majani hutundikwa." Binti naye, aliyekuwa bado amenuna kidogo, alichungulia kinywani akaona kwamba mbuzi hana meno ya mbele kwenye ufizi wa juu. Akapiga kelele: hata alpaka hana! Imeandikwa kitabuni! Kutoka hapo hakununa tena.

Kwenye kona ya banda palikuwa na jike aliyezaa siku mbili zilizopita, na watoto wake wawili wamelala juu ya nyasi. Mama aliinama kumnyanyua mmoja. Mwenye shamba akamshika mkono, tena kwa nguvu. "La, binti yangu. Wewe usiingie hapo."

Wengi hudhani huo ni mwiko wa kizee. Sivyo. Mbuzi, kondoo na ng'ombe huweza kuwa na vijidudu, kama vile vya brusela, ugonjwa wa kutupa mimba, ambavyo hujaa katika kondo la nyuma, katika maji ya uzazi na katika nyasi alizozalia mnyama. Vijidudu hivyo humwingia binadamu, vikamletea homa isiyokwisha. Na mwanamke mjamzito aweza kupoteza mimba yake. Mnyama huyo aweza kuonekana mzima kabisa. Mama alirudi nyuma hatua tatu akasimama mlangoni, mkono tumboni, na baba, ambaye hadi wakati huo alikuwa akitazama mandhari, aliingia mwenyewe kuwashika watoto mikono.

Hapo sabuni ikatoka mkobani. Kila aliyemgusa mnyama alinawa kwa maji ya kumiminiwa, mpaka kwenye viwiko, kabla ya kiazi kuguswa. Mtoto wa mwisho alitaka kunywa maziwa yenye povu moja kwa moja kutoka katika ndoo, akalia alipozuiwa. Yalichemshwa kwanza jikoni mpaka yakafura, maana vijidudu hivyo hivyo hupita pia katika maziwa mabichi. Baba alikunywa vikombe viwili. Sabuni hakuitaja tena.

Baada ya chakula mama aliuliza maswali yake, naye mwenye shamba hakumpamba mbuzi hata kidogo. Maziwa ni kiasi gani? Lita mbili kwa siku, pengine zaidi, kwa mbuzi aliyelishwa vyema. Asiyelishwa hajazi hata kikombe. Hukamuliwa asubuhi na jioni, siku ya Krismasi na siku ya msiba. Ili atoe maziwa sharti azae, na mimba yake ni miezi mitano. Beberu ni wa jirani, maana ukimfuga karibu na majike harufu yake huingia katika maziwa. Mwaka uliopita mbuzi wake mmoja alikufa jioni moja kwa kula majani mabichi ya mihogo, aliyopewa na mtoto aliyedhani anafanya wema. Na jambo moja zaidi: mbuzi asifugwe peke yake. Hulia mchana na usiku, akaacha kula.

"Alpaka pia," binti alisema.

Basi hesabu ikawa ni ya mbuzi wawili. Baba alitoa kalamu akaandika nyuma ya tikiti ya gari: wawili, banda, majani. Kwenye majani kalamu ilisimama. Mbuzi wawili wanataka mizigo ya majani kila siku iendayo kwa Mungu, na nyuma ya jiko kuna mpera tu. Tena mtoto mchanga angezaliwa baada ya miezi minne. Nani angekamua mama akiwa kitandani? Baba alitazamwa. Alikunja tikiti akaitia mfukoni.

Mwenye shamba alichukua panga, akakata mashina ya matete yenye macho matatu matatu, akayafunga kwa kamba ya mgomba. "Panda haya kwanza," alimwambia mama. "Yakistawi, njoo tuzungumze habari ya mbuzi."

Walipita Mpologoma jua likizama, na mara hii hakuna aliyetafuta simba. Watoto wote walikuwa wamelala. Fedha za mbuzi zilirudi koponi. Kesho yake asubuhi, kabla ya kufungua cherehani, mama alielekeza kutoka kwenye kigoda na baba akalima mistari miwili nyuma ya jiko, akayalaza mashina kwa kuyainamisha kidogo, jicho moja likiwa juu ya udongo na mawili chini, kama alivyoagizwa. Binti alimwagilia. Kitabu cha alpaka kilirudishwa shuleni siku ile ile, na ndani yake alikisahau kipande cha unyasi alichokuwa amekitumia kama alama ya ukurasa.