Kabla ya kumhukumu mtoto, umeshamuuliza?

Ijumaa moja jioni nilipigiwa simu na mwalimu wa darasa. Mchango wa mtihani wa majaribio, Sh5,000, ulikuwa haujafika shuleni. Wiki mbili zilikuwa zimepita tangu nimpe mwanangu wa darasa la sita fedha hiyo mkononi.

Sikuona haja ya maelezo. Nilimwita sebuleni, mkanda nimeshaushika. Mama yangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka kijijini, alikuwa ameketi mkekani akichambua mchele. Hakuinua hata kichwa. Aliniuliza tu, "Baba, umeshamuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Nilikuwa nimeshahukumu.

Mzazi mwenzangu, swali lile fupi lilinifanya niende kusoma upya kuhusu kitu ambacho sote huwaombea watoto wetu kanisani na msikitini: hekima. Nilichokikuta kilinishangaza. Sehemu kubwa ya mafundisho ya kale kuhusu hekima imeandikwa kama mazungumzo ya mzazi na mwanawe.

Hekima na hukumu ni ndugu

Tuanze na neno lenyewe. Hekima tumeipata kutoka neno la Kiarabu hikma, na mzizi wake ndio uliotupa pia hukumu, hakimu na mahakama. Wataalamu wa zamani wa Kiarabu waliuhusisha mzizi huo na kuzuia. Sehemu ya hatamu inayomshika farasi taya ili asikimbie ovyo huitwa hakama. Kwa maana hiyo, mwenye hekima ni yule anayeanza kujifunga hatamu yeye mwenyewe kabla ya kumwongoza mwingine.

Kiebrania, ndugu wa Kiarabu, kina neno la mzizi huohuo, hokhma. Katika Kitabu cha Kutoka linatumika kwa Bezaleli, fundi wa dhahabu, mbao na mawe, na kwa wanawake waliosokota manyoya ya mbuzi kwa ajili ya hema takatifu. Ni hekima ya mikono, ile anayoipata mtu kwa kufanya, kukosea na kurudia. Kulea nako ni ufundi wa namna hiyo. Hakuna aliyezaliwa anaujua.

Mwanangu, sikiliza

Kitabu cha Mithali kinaanza kwa kumtaja Mfalme Suleiman, mwana wa Daudi. Lakini ukisoma sura zake tisa za mwanzo, unayemsikia zaidi ni mzazi anayemwita mwanawe mara kwa mara. Mafundisho ya mama yametajwa sambamba na ya baba tangu sura ya kwanza, na sura ya mwisho inaanza na mawaidha ambayo mfalme aitwaye Lemueli alifundishwa na mama yake: ajihadhari na kileo, na awasemee wasioweza kujisemea.

Mtindo huo ulikuwapo hata nje ya Israeli. Huko Misri, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, mwandishi aitwaye Amenemope alimwandikia mwanawe wa mwisho mafundisho kuhusu upole, uaminifu katika vipimo na kutomwonea maskini. Nakala yake ya mafunjo imehifadhiwa British Museum, London. Tangu ilipochapishwa mwaka 1923, wasomi wengi wa Biblia wameona jinsi inavyofanana na sehemu ya Mithali inayoanzia sura ya 22.

Katika Kurani, sura ya 31 imepewa jina la Lukmani. Wanazuoni wengi wanasema hakuwa nabii, bali mtu aliyejaliwa hekima, na baadhi ya wafasiri wa zamani wanasema alikuwa mtu mweusi kutoka Habeshi au Nubia. Anamwita mwanawe kwa upole mara tatu. Anamkataza kumshirikisha Mungu, anamkumbusha kwamba hata jambo dogo kama chembe ya hardali halifichiki kwake, anamhimiza sala na subira. Halafu anafika kwenye mambo ya kila siku: asiwageuzie watu shavu kwa kiburi, atembee kwa kiasi, ashushe sauti.

Ashushe sauti. Nilipofika hapo nilikumbuka sauti yangu ya Ijumaa ile. Majirani wa nyumba tatu waliisikia.

Hata kwenye pwani yetu utamaduni huo una mizizi. Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu wa visiwa vya Lamu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa mawaidha. Alifariki miaka miwili baadaye. Baadhi ya aliyoyasema kuhusu mke na mume yanajadiliwa sana leo, lakini shabaha yake inaeleweka kwa kila mzazi: alitaka kumwachia mtoto kitu cha kumwongoza yeye akiwa hayupo.

Shamba lililoliwa na kondoo

Kisa kilichonigusa kuliko vyote kimetajwa kwa ufupi katika sura ya 21 ya Kurani. Kondoo wa mtu waliingia usiku katika shamba la mwingine wakaliharibu. Wafasiri wanaeleza kuwa Nabii Daudi aliamua mwenye shamba apewe kondoo wale kuwa fidia. Mwanawe Suleiman akaona njia nyingine. Mwenye shamba awachukue kondoo kwa muda, anufaike na maziwa na sufu, wakati mwenye kondoo analihudumia shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa. Kisha kila mmoja arudishiwe mali yake.

Hukumu ya kwanza ililipa hasara. Ya pili ililipa hasara na pia ikatengeneza kilichoharibika. Na Daudi, mfalme na baba, alikubali kumsikiliza mwanawe.

Kwa upande wa Biblia, Kitabu cha Kwanza cha Wafalme kinaeleza kwamba Suleiman alipoambiwa aombe alitakalo, hakuomba mali wala maisha marefu. Kwa Kiebrania, alichoomba ni moyo unaosikia. Baada ya hapo ndipo inakuja kesi maarufu ya wanawake wawili waliogombea mtoto. Kusikia kulitangulia kuhukumu.

Tulivyomaliza nyumbani

Jioni ile niliuweka mkanda juu ya kabati, nikaketi, nikauliza. Ilichukua muda. Mwanangu alilia kwanza, akanyamaza, kisha akasema, "Nilicheza gemu, baba. Hela ikaisha, nikakopa." Vijana wakubwa wa pale kwenye kibanda cha gemu walikuwa wanamdai Sh1,500 na walikuwa wakimsubiri njiani kila anapotoka shule. Siku mbili kabla walimnyang'anya daftari.

Ningemchapa, angelia na jambo lingeishia hapo. Jumatatu wangemsubiri tena, nami nisingejua.

Kesho yake nilikwenda kibandani, nikazungumza na mwenye kibanda, deni nikalilipa na daftari likarudi. Mchango nao niliupeleka shuleni mwenyewe. Lakini jumla ya Sh6,500 ilibaki kuwa yake kuirudisha. Bibi yake alipendekeza njia: kila Jumamosi asubuhi amsaidie kupika vitumbua na kuwapelekea majirani walioagiza, na sehemu ya faida iwe inapunguza deni.

Sisemi kwamba tangu siku hiyo sijakosea. Kuna siku nafoka kwanza na kuuliza baadaye, na siku hizo najifunza kumwomba mtoto msamaha. Ila nimejiwekea utaratibu nikiwa na hasira: naketi kwanza, kwa sababu ni vigumu kupiga ukiwa umeketi. Nauliza ilikuwaje, kisha nanyamaza mpaka amalize. Na adhabu ikibidi, natafuta ile inayorekebisha kilichoharibika.

Ilichukua Jumamosi saba. Ile ya mwisho alihesabu sarafu mezani mara mbili, akanisogezea. Bibi yake, aliyekuwa ameahirisha safari ya kurudi kijijini mpaka deni liishe, alimwambia, "Sasa kaoge, mjukuu wangu. Unanuka mafuta."