Rusizi: Jinsi mabadiliko ya tabianchi yanavyochora upya mwambao wa Ziwa Kivu

Anayesimama Kamembe na kulitazama Ziwa Kivu huona rasi ndefu, ghuba nyembamba na visiwa, kikiwemo Nkombo. Rasi hizo ni migongo ya vilima vya kale, na ghuba ni mabonde yaliyomezwa na maji. Mwambao huu ni ushahidi kwamba usawa wa maji haujawahi kudumu mahali pamoja.

Hapo zamani, maji ya bonde hili yalitiririka kaskazini kuelekea Ziwa Edward. Volkano za Virunga ziliziba njia hiyo, maji yakajikusanya na ziwa likapanda. Takribani miaka 10,000 iliyopita, katika kipindi ambacho mvua ziliongezeka Afrika Mashariki, ziwa lilifurika upande wa kusini. Mfereji wa mafuriko hayo ndio Mto Rusizi wa leo, unaotenganisha Rwanda na Kongo na kupeleka maji Ziwa Tanganyika.

Bahari nayo ilipanda, lakini kwa sababu nyingine. Miaka 20,000 iliyopita, maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda kuwa barafu, na usawa wa bahari ulikuwa chini ya wa sasa kwa takribani mita 120. Kisiwa cha Unguja kilikuwa kimeungana na bara. Barafu ilipoyeyuka, bahari ikakitenga. Tangu mwaka 1900 bahari imepanda tena kwa takribani sentimita 20, kwa sababu barafu inaendelea kuyeyuka na maji yanayopata joto hutanuka.

Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, hivyo bahari haiwezi kulifikia. Usawa wake hutegemea mizani: kwa upande mmoja mvua na mito inayoingia, kwa upande mwingine maji yanayogeuka mvuke na yale yanayotoka kwa Mto Rusizi. Ukame mrefu ukiteremsha ziwa chini ya mdomo wa mto, mto hukosa maji ya ziwa. Mvua zikizidi, maji hula kingo na kuzamisha fukwe. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, bwawa la umeme la Mururu limekuwa likidhibiti maji yanayotoka, lakini halidhibiti mvua.

Kinachotokea juu huonekana pia chini. Mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zilipandisha maziwa mengi ya Afrika Mashariki, yakiwemo Victoria na Tanganyika. Mwishoni mwa mwaka 2019, Bahari ya Hindi upande wa Afrika Mashariki ilipata joto kuliko kawaida na kuleta mvua nyingi. Mwaka 2020 Mto Rusizi ulivunja kingo zake Gatumba, nchini Burundi, na maelfu ya watu wakapoteza makazi. Mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yaliingia tena katika mitaa ya Bujumbura na Uvira. Ziwa hilo lina mto mmoja tu wa kulipunguzia maji, Lukuga, kwa hiyo likishapanda huchukua miaka kushuka.

Hewa yenye joto hubeba mvuke zaidi, takribani asilimia 7 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Ndiyo maana mvua kubwa hutarajiwa kuwa kubwa zaidi. Zinaponyesha kwenye vilima vilivyo wazi, udongo husombwa hadi mitoni na ziwani, hata katika mashamba ya mpunga ya bonde la Bugarama. Matuta ya kuzuia mmomonyoko na miti hupunguza hasara hiyo.

Kanuni za Rwanda zinataka shughuli za kilimo na ujenzi zikae umbali wa mita 50 kutoka ukingo wa ziwa. Mkulima mwenye kipande kidogo cha ardhi anaweza kuiona kanuni hiyo kuwa mzigo. Hata hivyo, ukanda huo ni sehemu ambayo ziwa limewahi kuifikia, na linaweza kuirudia. Nyumba iliyojengwa humo wakati wa kiangazi hujengwa katika njia ya maji ya masika yajayo.