Mji, Usiku na Siri: Uchawi katika Riwaya ya Kiswahili, Ukitazamwa kutoka Kashaulili

Kwa muda mrefu riwaya ya Kiswahili imeuweka uchawi kijijini, na mji ikawaachia wapelelezi. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Muhammed Said Abdulla alimkabidhi Bwana Msa maiti iliyokutwa penye mzimu, naye akadhihirisha kwamba muuaji ni binadamu. Miaka 17 baadaye C. G. Mung'ong'o alishika njia nyingine. Katika Mirathi ya Hatari (1977) kijana aliyesoma anarithishwa uchawi na baba yake, na uchawi huo haungoji mpelelezi wa kuufumbua. Una wenyewe, una miiko, na aliyeingia hatoki apendavyo. Kwa maneno mengine, anachorithi ni uanachama.

Yafaa kuitazama hoja hii kutoka Kashaulili, mojawapo ya kata za mji wa Mpanda mkoani Katavi. Mji huu ulikuzwa na machimbo ya risasi na reli iliyotoka Kaliua, si na ngome ya mtemi. Kwa hiyo Mbende, Mkonongo, Mfipa, Muha na Msukuma walikutana humo wakiwa wageni wao kwa wao. Jina la mkoa lenyewe ni la pepo Katabi, ambaye huachiwa sadaka chini ya mkwaju karibu na Ziwa Katavi. Na huko Usukumani, walikotoka wafugaji wengi wa mkoa huu, Hans Cory alieleza mwaka 1946 chama cha siri cha Buyeye, chama cha wacheza na nyoka: mwanafunzi hufundishwa dawa za sumu na kufungwa na masharti ya siri. Huo ulikuwa ujuzi wenye manufaa, na haustahili kuchanganywa na ulozi, japo wageni aghalabu huvichanganya.

Kijijini mchawi ni shangazi au jirani. Katika mji wa wageni, chama cha siri chaweza kumpa mtu ndugu asiokuwa nao. Hapo ndipo riwaya ya giza ya mjini ingepata nguvu zake.

Lakini ipo hatari. Msomaji wa London hufunga kitabu cha namna hii, na uchawi ukabaki humo. Magharibi mwa Tanzania vikongwe wameuawa kwa kuwa macho yao ni mekundu, wekundu ambao mara nyingi ni wa moshi wa jikoni. Na tangu miaka ya 2000 watu wenye ualbino wameuawa kwa ajili ya viungo vyao. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 haikuzuia hayo. Ndiyo maana Gabriel Ruhumbika, katika Janga Sugu la Wazawa (2001), aliiona imani hiyo kuwa ndiyo janga lenyewe, ilhali Kezilahabi, katika Nagona (1990), aliyageuza maajabu kuwa fumbo lisilo na jirani wa kushukiwa. Mung'ong'o alithubutu zaidi: uchawi wake ni wa kweli ndani ya hadithi, lakini gharama yake humwangukia mrithi. Mwandishi atakayeuleta uchawi huo mjini Mpanda atalazimika kuamua, kabla ya ukurasa wa kwanza, bibi mwenye macho mekundu atakaa wapi katika kisa chake.