Unganisha prosesa ya gitaa ipasavyo uepuke kelele, hasara na hatari

WAPIGAJI gitaa wengi, katika bendi na makanisani, hununua prosesa ya kidijitali kwa matumaini makubwa kisha wakavunjika moyo siku ya kwanza jukwaani. Sauti iliyokuwa tamu chumbani hugeuka kuwa ya kukwaruza, mithili ya nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Aghalabu lawama hutupiwa chombo, ilhali kasoro i katika namna kilivyounganishwa.

Prosesa ni kompyuta ndogo. Hupokea mawimbi dhaifu ya umeme kutoka kwa gitaa, huyageuza kuwa tarakimu, huyatia mwangwi na madoido mengine, kisha huyarejesha kuwa mawimbi ya umeme. Prosesa nyingi pia huiga sauti ya amplifaya na ya kabati la spika. Uigaji huo ndio chanzo cha matatizo mengi.

Spika ya gitaa ya inchi 12 haitoi sauti zote. Ikishapita takriban hezi 5,000, nguvu yake hushuka kwa kasi. Spika za ukumbini, kwa upande mwingine, zimeundwa kufika karibu hezi 20,000, hivyo hutoa hata mikwaruzo ambayo spika ya gitaa ingeificha.

Kwa sababu hiyo, ukiunganisha prosesa na miksa, washa uigaji wa kabati. Ukiiunganisha na amplifaya ya gitaa, uzime. Ukiuacha, sauti itachujwa mara mbili na kuwa butu.

Jambo la pili ni tundu utakalotumia. Tundu la mbele la amplifaya hupitisha sauti katika sehemu inayoipa amplifaya hiyo ladha yake. Hapo, zima pia uigaji wa amplifaya na ubakishe madoido tu. Mpiga benga, mathalan, anayetaka kila uzi usikike waziwazi, atafaidika kwa mpangilio huu. Lakini iwapo unataka kutumia amplifaya inayoigwa na prosesa, chomeka waya kwenye tundu la nyuma lililoandikwa Return, linalopeleka sauti moja kwa moja kwenye sehemu ya nguvu. Si kila amplifaya iliyo na tundu hilo.

Chunguza pia kiwango cha sauti inayotoka. Prosesa nyingi zina swichi au mpangilio wa kuchagua kiwango cha ala au cha laini. Cha ala hufaa tundu la mbele la amplifaya. Cha laini, ambacho kina nguvu zaidi, hufaa miksa. Na iwapo utatumia waya mmoja tu, chagua tundu lenye alama ya mono, la sivyo huenda ukapoteza nusu ya madoido.

Miksa ikiwa mwisho wa ukumbi, waya wa kawaida wa gitaa hautafaa kwani hunasa mvumo njiani. Tumia kisanduku cha DI na kebo ya maikrofoni. Kebo hiyo hubeba sauti katika nyaya mbili, moja ikiwa imepinduliwa. Miksa hupima tofauti baina ya nyaya hizo, na kelele iliyoingia katika zote mbili kwa kiasi sawa hujifuta. Hivyo sauti husafiri makumi ya mita bila kuchafuka.

Kuna makosa ambayo huua vyombo. Kamwe usichomeke tundu la spika la amplifaya kwenye prosesa: umeme wake unaweza kufika makumi ya volti na kuiunguza. Amplifaya ya vali nayo isipigwe bila spika. Kumbuka kwamba spika mbili za ohmu nane zikiunganishwa sambamba huwa ohmu nne. Hakikisha amplifaya inaruhusu kiwango hicho. Adapta nayo ilingane na prosesa kwa volti na kwa mpangilio wa chanya na hasi.

Kosa baya zaidi ni lile linaloweza kuua mtu. Mvumo ukizidi, baadhi ya watu hung’oa pini ya ardhini kwenye plagi au kukata waya wake. Mvumo huenda ukatoweka, lakini kinga imeondoka nao. Mnamo 1972, Leslie Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows ya Uskoti, alifariki jukwaani mjini Swansea, Wales, baada ya kugusa maikrofoni iliyokuwa na hitilafu ya waya wa ardhini. Kwa umeme wetu wa volti 240, hilo si jambo la mzaha.

Dawa ya mvumo ni swichi ya kukata ardhi iliyo kwenye kisanduku cha DI. Hiyo hutenganisha waya wa sauti pekee na kuacha kinga ya umeme ikiwa salama. Pia, palipo na uwezekano, vyombo vyote vya jukwaani vipate umeme kutoka soketi moja yenye waya wa ardhini, almuradi isilemewe.

Hatimaye, zingatia utaratibu. Unganisha kila kitu kikiwa kimezimwa na sauti ikiwa sufuri. Washa prosesa, kisha miksa, na amplifaya iwe ya mwisho. Wakati wa kuzima, anza na amplifaya. Mlio wa ghafla unaotokea utaratibu huu ukipuuzwa unaweza kupasua spika ambayo bei yake inashinda ya prosesa yenyewe.